Utapumzika Tukimaliza

Siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu, nilimsikia akihema kwenye spika.

Siyo ndoto, na sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, na mama cherehani wa chumba cha jirani alikuwa anashona sare za shule, mashine yake inapiga tatatata kama siku zote. Mimi nilikuwa studio peke yangu. Chumba cha kurekodia kilikuwa kitupu, kiti chake kitupu.

Na kwenye spika mtu anavuta hewa. Hhhhh.

Anaitoa. Fuuuu.

Anavuta tena.

Nywele zilinisimama. Pumzi ile ningeitambua hata sokoni katikati ya watu elfu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja. Humu sitakata kitu. Kuna mtu nimemwahidi hivyo, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini ahadi hiyo ni ngumu kwangu. Kuna mahali utanichukia. Nichukie tu, ila soma mpaka mwisho.

Basi sikia.

Mimi ni fundi sauti. Mtaani wananiita Mkasi, kwa sababu kazi yangu kubwa ni kukata. Mwimbaji akikohoa, nakata. Mbwa akibweka nje, nakata. Mtu akikosea neno, nakata na kuunga, na kiungo hutakisikia hata ukibandika sikio kwenye spika. Nilikuwa najisifu sana kwa hilo.

Kaka yangu, wa tumbo moja, mkubwa wangu kwa miaka tisa, alikuwa mpiga kinanda cha mdomo. Kile kidogo cha bati kinachoenea kiganjani. Walimwita Mapafu.

Jina lilianza kama dhihaka. Tangu utotoni alikuwa na pumu. Akikimbia nusu uwanja, anashika magoti. Lakini mpe kinanda, atashika noti moja mpaka wewe msikilizaji ndiye unaishiwa pumzi. Mwenyewe alikuwa anasema kinanda ndicho kilichomfundisha kupumua.

Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenilea. Spika yangu ya kwanza tuliifungua pamoja sakafuni, kwa bisibisi ya kuazima. Tukashindwa kuirudishia. Akaniambia, "Usijali dogo, umeshajua ndani kukoje."

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Sasa nikueleze tatizo lenyewe, maana bila hili hutanielewa.

Kinanda cha mdomo hakina huruma. Ukipuliza, kinatoa noti. Ukivuta, kinatoa noti nyingine. Mpiga filimbi anaweza kunyamaza kidogo akavuta hewa yake. Huyu wa kinanda, kuvuta kwenyewe ndiyo wimbo. Hewa ikimjaa kifuani lazima itafute pa kutokea, na inatokea puani.

Na kaka alipiga cha umeme. Alikuwa na maiki kuukuu ya duara, kubwa kama ngumi ya mtoto. Anaibana pamoja na kinanda ndani ya viganja viwili, anaziba kote, sauti inakwenda kwenye amplifaya yake ndogo yenye kitambaa kilichochanika. Inatoka nzito, yenye mikwaruzo, tamu ajabu.

Lakini maiki ikikaa hivyo, pua ya mpigaji iko juu yake kabisa. Kila akishusha pumzi, spika inasema fuuuu.

Jukwaani hakuna anayejali. Kwenye rekodi ni balaa.

Kituo kimoja cha redio kilitaka muziki mfupi wa kufungulia kipindi cha asubuhi. Wakamtaka Mapafu. Kwetu ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Kaka angesikika kila siku, nyumba hadi nyumba, watu wakiwa wanapiga mswaki. Tukarekodi, nikatuma.

Yule mama wa redio akanipigia.

"Ni nzuri sana," akasema. "Ila kuna mtu anahema."

"Ni mpigaji huyo, mama."

"Ndiyo. Mtoe."

Nikajaribu kumtoa kwenye kompyuta. Haikuwezekana, pumzi na noti zilikuwa zimeshikana kama nywele na gundi. Nikatuma hivyo hivyo. Akanipigia tena.

"Bado anahema."

Hapo nikaona aibu. Mkasi mzima nashindwa na pua ya kaka yangu?

Nikaanza kumfundisha. Bana pembe za midomo. Ingiza kinanda ndani zaidi, usikibusu, kimeze. Vuta hewa kwa tumbo, siyo kwa mabega. Ukijaa, legeza viganja, sogeza maiki pembeni, shusha pumzi upande wa pili. Nikamfunika maiki kwa kipande cha sponji nilichokata kwenye godoro langu. Wiki nzima tunahangaika, na yeye ananitii kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Siku moja nikamwambia, nusu utani nusu kweli, azibe pua kwa pamba.

Akacheka mpaka akakohoa. "Dogo, pamba puani wanawekwa watu wengine. Unataka kunizika mapema?"

Tulicheka wote wawili.

Ikafika Jumamosi. Hapa nakusimulia kama nilivyoikumbuka mwenyewe, kabla ya asubuhi ile ya spika.

Kaka alikuja saa tatu na begi lake. Begi hilo alifungiwa na shemeji, mke wake, kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Kinanda, kitambaa, chupa ya maji, na pampu yake ya pumu ndani ya kimfuko chekundu alichokishona shemeji mwenyewe. Alikuwa anamsindikiza mpaka mlangoni akimuuliza, "Mwekundu yumo?" Kaka anapapasa begi. "Yumo."

Siku hiyo nilikuwa nimekuja na dawa ya mwisho. Kwenye mtambo kuna kitu tunakiita geti. Sauti ikiwa kubwa, geti linafunguka. Ikiwa ndogo, linajifunga, husikii kitu. Nililibana sana. Noti zinapita, pumzi zinabaki nje. Na mimi mwenyewe kwenye hedifoni zangu nilikuwa namsikia hivyo hivyo, noti tu.

Kati yetu kulikuwa na dirisha la kioo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye skrini, yanasaka fuuuu.

Mara ya kwanza, alikosea kuingia. Mara ya pili, pumzi moja ikapenya. Mara ya tatu, tena. Ya nne, tena. Ya tano ilikuwa karibu kabisa.

Baada ya ile ya tano alisema kitu. Geti likamkata. Nilichosikia mimi ni "...pum... kidogo."

Nikajua anataka kupumzika kidogo. Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye.

"Utapumzika tukimaliza, kaka. Imebaki moja tu."

Sikusikia jibu. Nikahesabu, moja, mbili, tatu, akaingia.

Jamani, alipiga. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Noti ya mwisho aliishika, akaishika, ikawa nyembamba kama uzi wa sindano, halafu ikazimika. Nikatazama skrini. Mstari wa sauti umenyooka kabisa. Hakuna fuuuu, hakuna hata chembe.

Nikapiga meza kwa furaha. "Kaka! Umeiweza!"

Kimya.

Ndipo nikainua macho kwenye kioo.

Alikuwa ameinama kwenye kiti, mikono imeshika magoti, kama zamani akitoka kukimbia. Nilipofungua mlango, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alinitazama, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Nikapiga kelele. Mama cherehani akaja mbio, sindano bado iko mdomoni. Tukamwaga begi chini. Kimfuko chekundu hiki hapa. Tukakifungua.

Kitupu.

Tukapekua mifuko ya suruali, ya shati, ya koti. Hakuna pampu. Fundi wa magari wa ng'ambo ya barabara akaleta gari la mteja wake, tukambeba. Alikata roho kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kiko mapajani kwangu.

Daktari aliuliza swali moja tu, mama yetu na shemeji wakiwa wameshafika. "Pampu yake ilikuwa wapi?"

"Hatukuiona," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Angekuwa nayo, pengine tungekuwa tunaongea mengine."

Mama aligeuka taratibu, akamtazama shemeji.

"Wewe ndiye unayemfungia begi."

"Niliiweka, mama."

"Kimfuko kipo, dawa haimo. Mke gani anafunga kimfuko kitupu?"

Kuanzia hapo msiba ukawa na mshtakiwa. Shemeji akipita na beseni la vyombo, wanawake wananyamaza. Akilia, wanasema anajikosha. Asipolia, wanasema ana moyo wa jiwe. Siku moja kabla ya mazishi aliniomba ufunguo wa studio akachukue koti la mumewe, maana mimi sikuweza kukanyaga kule. Alikwenda peke yake, akarudi nalo, akanirudishia ufunguo bila neno.

Tukazika.

Siku ya tatu mama wa redio akaanza kupiga simu. Nikaona bora nimtumie ile kazi yake yaishe. Nikafungua studio, nikawasha kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya wiki, na mipangilio yote ilikuwa imefutika. Geti halipo, na geti huwa linaficha sauti tu, haliifuti. Na maiki ya pili, ile ya chumbani ambayo huwa naitegesha kwa mazoea tu na kuiziba, ikawa wazi.

Nikabonyeza. Ndipo akahema.

Sikuizima. Nilikaa chini nikasikiliza. Niliposikia mara ya nne imekwisha, kukaja kikohozi. Halafu sauti ya pampu, psst, psst. Halafu sauti yangu mimi, kupitia kitufe.

"Kaka, hiyo pampu inaingia kwenye maiki. Inafungua geti."

"Si utaikata tu?"

"Nitakata mangapi? Lete niiweke huku mezani."

Mlango ukalia. Hatua zake. Akacheka. "Haya, ila usije ukaivuta wewe."

Nikwambie, ningeweza kuikata ile psst kwa dakika mbili. Dakika mbili tu, na nilikuwa najivunia kukata.

Nikaendelea kusikiliza. Mara ya tano ikaisha. Na hapa, bila geti, nikamsikia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Dogo, kifua kimebana. Naomba nipumue kidogo."

Kupumua. Hakusema kupumzika.

Na sauti yangu, ya furaha kabisa: "Utapumzika tukimaliza, kaka. Imebaki moja tu."

Halafu kuna sekunde za kimya ambazo siyo kimya. Anavuta, anatoa. Anavuta, anatoa. Pumzi nne, nimezihesabu, kila moja inapiga mluzi.

Halafu akasema, "Haya. Hesabu."

Nikageuka kwenye meza. Nikanyanyua karatasi zangu za kazi. Pampu ilikuwa chini yake, ya bluu, imelala. Nikaitikisa. Dawa ilikuwemo.

Unaniuliza kama siku ile ya Jumamosi, wakati tunamwaga begi, sikukumbuka kabisa? Nimejiuliza mara elfu. Naapa sikukumbuka. Akili yangu ilikuwa imeshaifuta ile pampu kama inavyofuta mbwa wa nje. Ndivyo nilivyo.

Na unajua nilichofanya baada ya hapo? Nilitia pampu mfukoni. Nikarudisha geti. Nikamtumia mama wa redio ile safi.

Akajibu baada ya dakika kumi. "Sasa sawa. Hahemi kabisa."

Wiki iliyofuata kukawa na kikao cha familia, nyumbani kwa mama. Alikuwepo mama, dada yetu mkubwa, baba mdogo na mimi. Shemeji alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, binti yake wa miaka sita amemlalia mapajani.

Baba mdogo akakohoa. "Sisi hatumfukuzi mtu. Ila mama mtu hawezi kuwa anakutazama usoni kila siku. Nenda kwenu ukapumzike kidogo. Mtoto abaki na bibi yake mpaka mambo yatulie."

"Pampu niliiweka," shemeji akasema. Hilo tu.

Dada akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Siku ile uliiona hiyo pampu au hukuiona?"

Watu wote wakanitazama. Shemeji alinitazama kuliko wote.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Neno moja tu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni na vidole vyangu vilikuwa vimeishika pampu yenyewe.

"Kulikuwa na fujo nyingi, dada," nikasema. "Sikumbuki."

Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimwangalia shemeji.

Nilitaka sakafu ipasuke.

Shemeji akamwamsha binti yake, akambusu, akamkabidhi kwa dada. Mtoto akauliza, "Mama unakwenda wapi?" Dada akamvuta kando. Nikamsindikiza shemeji kumbebea mkoba, kwa unafiki wangu. Tulipofika barabarani akasimama.

"Shem, huna sauti yake?"

"Ya kinanda? Ninazo nyingi."

"Siyo kinanda. Nataka vile anavyohema. Miaka yote hiyo nilikuwa nalala na ile sauti. Sasa nyumba kimya mpaka masikio yanauma."

Nikamwambia nitamtafutia.

Na hapa nakuja kwenye lile ambalo sitaki kulisema. Nilifungua ile rekodi ya maiki ya chumbani. Nikatupa mwanzo wote, wa pampu. Katikati, pale anaposema kifua kimebana na mimi namjibu, nikakata sekunde kumi na moja. Nikaunga. Nikasikiliza mara ishirini. Kiungo hakisikiki. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ninaandika hivi kwa aibu.

Shemeji alikuwa amefikia kwa dada yake, msusi, chumba cha nyuma ya saluni. Nilikwenda mchana. Mashine za kukaushia nywele zinanguruma, nywele bandia zimezagaa sakafuni, shemeji anazizoa kwa ufagio. Alinikaribisha maji. Nikaweka kompyuta juu ya meza, kati ya vitana na mafuta, nikamvisha hedifoni.

Akafumba macho.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona akitabasamu. Mabega yalishuka. Midomo yake ikawa inatembea kidogo, kama anayehesabu. Machozi yakamtoka akiwa bado anatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona nimefanya jambo jema.

Mara akanyanyua kidole.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole.

"Hapa amevuta mara mbili."

"Vipi, shem?"

"Amevuta, halafu amevuta tena. Hakutoa. Shem, mimi pumzi hii nimelala nayo miaka kumi na moja. Pumu ikimbana nilikuwa nahesabu, anavuta, anatoa. Asipotoa namwamsha. Binadamu gani anavuta mara mbili? Ile ya kwanza aliitolea wapi?"

"Labda ni mtambo."

"Mtambo haupumui."

Kazi ambayo fundi yeyote asingeigundua, imegunduliwa na mwanamke ambaye hajawahi kugusa mtambo. Njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa pumzi moja.

Nikatoa pampu mfukoni, nikaiweka mezani.

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atanirukia. Hakushtuka hata kidogo.

"Hatimaye," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Niliiona siku nilipokwenda kuchukua koti. Ilikuwa chini ya karatasi zako. Nikairudishia karatasi zake juu."

"Kwa nini hukusema? Shem, wamekunyang'anya mtoto!"

"Ningesema mimi, ningeitwa mchawi anayemsingizia shemeji yake. Mama yako angeniamini mimi au wewe?" Alichukua pampu, akaifuta kwa kanga yake, akaikumbatia mikononi. "Halafu nilitaka kujua nimezika mtu mmoja au wawili, yeye peke yake au na wewe. Kwenye kikao nilikuwa nakusubiri. Dada yako alipokuuliza, nikasema moyoni, sasa anasema."

Nililia. Sitaki kukupambia maneno, nililia kwa kwikwi mpaka yule msusi akachungulia mlangoni.

"Umekata nini?" shemeji akauliza nilipotulia.

Faili la asili nilikuwa nalo. Nikamvalisha hedifoni tena. Akasikiliza yote, tangu psst ya kwanza. Uso wake haukusogea. Ilipofika "naomba nipumue kidogo," akashika ukingo wa meza. Ilipofika sauti yangu, akanitazama.

Akavua. "Hukumsikia?"

"Geti lilikata. Nilisikia kupumzika."

"Na ungemsikia vizuri?"

Nilitaka kusema ningevunja kioo. Nilitaka sana. "Sijui, shem. Pengine ningemwambia hivyo hivyo. Yule mama wa redio alikuwa anasubiri."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea.

"Na mlimaliza?"

"Tulimaliza."

Mashine za kukaushia zikazimwa, mteja akaaga, akaondoka.

"Nenda ukaseme," akaniambia mwishoni. "Sihitaji uniombee radhi mimi. Nenda ukaseme kwa mama yako, kwa sauti, mtoto wangu arudi. Na usikate kitu."

Nimekwenda kwa mama mara tatu. Mara tatu nimekaa sebuleni kwake, nikanywa chai, nikaondoka nayo yote. Jana nilifika asubuhi. Redio ilikuwa imewashwa. Muziki wa kufungulia kipindi ukaanza, kinanda cha kaka, safi kabisa, na mama akaacha alichokuwa anafanya akaenda kuongeza sauti. Binti wa kaka akasimama pembeni yake.

"Bibi," akasema, "baba hapa hapumui?"

Mama akamwambia, "Nyamaza tusikilize."

Nikashindwa. Nikaaga.

Ndiyo maana ninaandika hapa, kwenye ukurasa huu wa simulizi. Mimi ni mwoga, nakiri, lakini najua dada mkubwa husoma simulizi za humu kila siku, na huwa anamsomea mama akiwa anachambua mboga. Hadithi hii mlidhani ni ya kuwatisha na mzimu kwenye spika. Mzimu ni mimi.

Mnapenda funzo mwishoni, basi hili hapa, nimelinunua kwa bei mbaya. Mtu wako akisema kitu ukasikia nusu, usijazie nusu nyingine wewe mwenyewe. Simama, mwulize, "Umesemaje?" Ni neno moja tu, na mimi nilikuwa na kitufe cha kulisemea.

Mama, shemeji hakusahau kitu. Pampu aliiweka, kaka aliitumia, mimi nikamnyang'anya kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Siku tunamwaga begi ilikuwa mezani kwangu. Siku ile ya kikao ilikuwa mfukoni mwangu. Mrudishie mtoto wake leo.

Rekodi nimekutumia kwenye simu yako, dada, nzima, sijaigusa. Mwekee mama aisikilize, ila mwekee taratibu. Na akikwambia ngoja kwanza nipumue, mwache apumue. Usimwambie mmalize.